Usimfute bibi chale: miradi ya kuhariri picha kwa wanafunzi wa Mtwara na Lindi

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili alimpelekea bibi yake picha aliyoihangaikia siku tatu. Ilikuwa ya bibi mwenyewe, amekaa barazani, khanga begani. Kijana akaamkia, bibi akaitikia marahaba, akaisogeza simu mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akaitazama sana. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, huyu mama ni wa wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ule uso ulikuwa laini na mweupe kama unga wa muhogo uliochekechwa. Zile chale za mashavuni, nembo walizochanjwa wanawake wengi wa Kimakonde wa rika lake wakiwa wasichana, hazikuwepo tena. Programu ilizidhania makovu ikazifuta, na kijana alidhani amempendezesha bibi.

Kundi letu la picha hukutana Jumamosi, na tangu siku ile kitufe cha kurembesha uso ni marufuku kwetu. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, au mwalimu mwenye wanafunzi, anayetaka kujifunza kuhariri kwa kazi za kweli, zinazotokana na mahali tunapoishi. Ni miradi mitano. Miwili ni myepesi na mitatu itakutoa jasho.

Vifaa, na folda tatu

Simu janja moja inatosha wanafunzi wanne. Isiwe ya bei kubwa, ila lenzi iwe safi. Kabla hujalaumu kamera yako, futa lenzi kwa fulana kavu, kwa sababu nusu ya picha zenye ukungu ninazoletewa ni mafuta ya vidole.

Kwenye simu tunatumia Snapseed. Ni ya bure, na ukishaiweka inafanya kazi bila bando. Kwenye kompyuta tunatumia GIMP, nayo ya bure, ambayo imekuwepo tangu 1996 na haihitaji mashine mpya. Ipakue mara moja penye intaneti nzuri, iweke kwenye flashi, kisha isambaze kwa wenzako. Kama kompyuta ya shule hairuhusu kuweka programu, fungua Photopea kwenye kivinjari. Mpangilio wake ni wa leya, yaani picha zilizolazwa tabaka juu ya tabaka, kama GIMP.

Tengeneza folda tatu na uzipe majina haya: Mbichi, Jikoni, Mezani. Picha ikitoka kwenye kamera inaingia Mbichi na haiguswi kamwe. Nakala yake ndiyo inayokwenda Jikoni kupikwa. Ikiiva inakwenda Mezani. Usiuone huu kuwa usumbufu. Faili la JPEG hupoteza ubora kidogo kila unapolihariri na kulihifadhi upya, kama karatasi iliyotolewa fotokopi ya fotokopi. Ukiharibu nakala, Mbichi ipo, unaanza tena.

Halafu kuna WhatsApp. Mkitumiana picha kwa njia ya kawaida inabanwa, na mwenzako anapokea picha ndogo iliyochoka. Itume kama hati, kwa njia ileile unayotumia kutuma faili la PDF, ifike nzima.

Jua la huku kwetu

Kuhariri hakuokoi picha iliyopigwa saa saba mchana. Mtwara na Lindi ziko karibu nyuzi kumi kusini mwa ikweta, na katika Februari na Oktoba jua la adhuhuri hutukalia utosini kabisa. Macho yanakuwa mashimo meusi, pua inatupa kivuli mdomoni. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Ikibidi kupiga mchana, mweke mtu barazani au chini ya mwembe, uso wake ukielekea kwenye mwanga wa nje.

Jambo la pili ni tabia ya kamera. Kamera hudhani kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni cha kijivu. Ukipiga mchanga mweupe wa Msimbati, inaona mwanga umezidi na kuupunguza, mchanga unatoka kama majivu. Ukimpiga mtu mweusi aliyesimama mbele ya anga inayong'aa, anga inapendeza na mtu anabaki kivuli. Ukimpiga mtu huyohuyo ndani ya chumba chenye giza, inapandisha mwanga na ngozi inapauka. Kosa si la mtu wala la rangi yake. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga hapo, kisha telezesha kidole juu au chini mpaka ngozi ifanane na unayoiona kwa macho.

Wakati wa kuhariri, ngozi ikiwa na giza inua vivuli tu, kidogo kidogo, na usiguse mwangaza wa picha nzima. Ngozi nyeusi ina wekundu na udhahabu ndani yake. Ukiinua mwanga sana inageuka kijivu, na ikigeuka kijivu ujue umepita kituo, rudi nyuma. Kipimo changu ni rahisi: mwite mhusika, shika simu karibu na shavu lake, linganisha.

Mradi wa kwanza: mlango mmoja, hali tatu

Huu ni wa kunyoosha mikono. Nenda Mikindani, mji mkongwe ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866 na ambako Wajerumani walijenga Boma mwaka 1895. Tafuta mlango au dirisha la zamani, omba ruhusa kwa mwenye nyumba, piga picha moja tu. Mwanafunzi wa Lindi atafute nyumba ya zamani mjini, mwanafunzi wa Kilwa ana bahati kuliko sisi sote.

Kutokana na picha hiyo moja toa tatu: ya kwanza ionekane alfajiri, ya pili iwe ya huzuni, ya tatu iwe ya kumvutia mgeni aje. Filta hairuhusiwi. Una vitu vitano tu: kukata, kunyoosha, mwangaza, joto la rangi na ukolezi wa rangi. Andika kwenye daftari kila namba uliyoweka. Kisha wape wenzako wakisie ipi ni ipi. Wakishindwa kukisia ile ya huzuni, mara nyingi ni kwa sababu umeifanya nyeusi tu ukasahau kupunguza joto la rangi na kukata ili mlango uonekane umeachwa peke yake.

Mradi wa pili: kupwa na kujaa katika picha moja

Mradi huu ninaupenda kuliko yote, kwa sababu bahari inafanya nusu ya kazi. Lengo ni picha moja ya pwani ambayo upande mmoja maji yamejaa na upande mwingine yamekupwa, mahali palepale, siku ileile.

Chagua siku ya bamvua. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, siku moja hadi tatu baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na siku hizo ndipo bahari hupwa mbali zaidi na kujaa juu zaidi. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, picha haitasema kitu. Siku za bamvua katika pwani yetu maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Kwa hiyo Jumamosi moja inatosha, na katikati mnarudi nyumbani kula. Kumbuka saa hizo husogea mbele kama dakika hamsini kila siku. Muulize mvuvi, atakuambia kwa uhakika kuliko simu yako.

Mahali pazuri ni penye kitu kisichohama: mizizi ya mikoko ya ghuba ya Mikindani, ngazi za ufukweni, nguzo za kivuko cha zamani. Mashua iliyotiwa nanga inavutia, asubuhi imelala ubavu kwenye tope, jioni inaelea. Ila ikielea inageuka na upepo, basi usiitegemee kama alama.

1. Weka simu juu ya jiwe au ukuta, si mkononi. Chora kwa chaki mahali ilipokaa. Simu nyingine iipige picha ilivyokaa, maana jioni hamtakumbuka, mtabishana. Usitumie zumu.

2. Washa mistari ya gridi kwenye kamera. Tafuta kitu cha mbali kisichohama, mnazi au mnara wa simu, ukikalishe kwenye makutano ya mistari. Jioni kikalishe hapohapo.

3. Bonyeza na ushikilie kidole kwenye kioo mpaka kamera ifunge umbali na mwanga. Piga picha kumi. Kumi si nyingi, kuna watu watapita.

4. Jioni rudia yote. Nyumbani chagua moja ya asubuhi na moja ya jioni, zifungue GIMP kama leya mbili, ya kupwa chini na ya kujaa juu.

5. Punguza kuonekana kwa leya ya juu mpaka asilimia hamsini, uone zote mbili kwa pamoja kama kitambaa chepesi juu ya meza. Sogeza ya juu mpaka ule mnazi uwe mmoja. Ukiona minazi miwili bado hujafika. Kisha rudisha asilimia mia.

6. Ongeza maski nyeupe, yaani pazia la kuficha na kuonyesha sehemu za leya, kwenye leya ya juu. Chukua brashi pana yenye kingo laini, rangi nyeusi, upake upande ambao unataka maji ya kupwa yaonekane. Nyeusi inaficha, nyeupe inarudisha. Ukikosea bonyeza herufi X kubadilisha rangi na upake tena. Hakuna kilichofutwa, ndiyo faida ya maski kuliko kifutio.

Pale zinapokutana ndipo panapotofautisha kazi safi na ya kubahatisha. Wanafunzi wengi hupitisha mpaka katikati ya maji, na macho yanaukamata mara moja. Upitishe nyuma ya kitu: ukingo wa ngazi, shina la mkoko, ubavu wa jiwe. Kama hakuna kitu, tumia brashi pana kweli, theluthi ya upana wa picha, ili maji yageuke mchanga polepole.

Kuna tatizo la pili ambalo halionekani mpaka uunganishe. Mwanga wa saa nne ni wa baridi na vivuli vyake vinaelekea magharibi. Wa saa kumi una udhahabu na vivuli vinaelekea mashariki. Rangi unaweza kuilinganisha: ongeza joto kidogo kwenye nusu ya asubuhi, punguza kidogo kwenye nusu ya jioni, zikutane njiani. Vivuli huwezi kuvigeuza. Ama uchague siku ya mawingu, ama uviache na uvitumie, kwa sababu mtu makini akiona vivuli viwili vinapingana ataelewa ni nyakati mbili. Mimi naviacha.

Asiye na kompyuta anaweza kuifanya kwenye Snapseed. Kuna zana ya kulaza picha ya pili juu ya ya kwanza. Ilaze kwa nguvu yote, kisha nenda kwenye orodha ya hatua ulizofanya, fungua hatua hiyo, chukua brashi na upake pale tu unapotaka picha ya pili ionekane. Kulinganisha minazi kwa kidole ni kazi ya subira, lakini inawezekana.

Hifadhi faili la XCF la GIMP lenye leya zake zote Jikoni, toa JPEG kwa ajili ya Mezani. Chini ya picha andika mahali na saa zote mbili.

Mradi wa tatu: picha ya zamani ya nyumbani

Karibu kila nyumba ina moja: kwenye albamu iliyojaa unyevu, ndani ya sanduku, au nyuma ya kioo ukutani. Hewa ya pwani haizipendi picha. Kuvu linatambaa kutoka pembeni, wekundu unabaki na rangi nyingine zinaondoka.

Omba kwa adabu, na ukubali kwamba picha haitoki nyumbani. Utaipiga hapohapo. Kama imegandia kwenye kioo cha fremu usiibandue, sehemu ya uso itabaki kwenye kioo. Kama iko huru, itoe, ipanguse vumbi kwa brashi laini kavu. Maji hapana, hata kidogo. Ilaze kwenye kitambaa cheusi karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, zima mwanga wa simu, simama juu yake. Usiisogelee mno, kwa maana lenzi ya simu hupinda pembe za kitu kilicho karibu. Simama mbali kidogo, kisha kuza kidogo. Pembe nne za picha zikiwa sawa kwenye kioo, umeshika simu sawa.

Jikoni, anza na kukata na kunyoosha. Kama picha ilikuwa nyeusi na nyeupe tangu awali, ondoa rangi zote, na ule umanjano wa miaka utaondoka nao. Kisha fungua zana ya viwango (Levels) uone histogramu, ile grafu yenye umbo la kilima. Katika picha iliyofifia kilima kimejikusanya katikati na pembeni ni tupu. Sogeza alama nyeusi mpaka kilima kinapoanzia na alama nyeupe mpaka kinapoishia. Mara nyingi hatua hii moja humfufua mtu aliyekuwa anazama kwenye ukungu, na chumba kizima hupiga kelele.

Halafu chukua zana yenye alama ya plasta. Kuza mpaka asilimia mia mbili, tumia brashi ndogo, iliyozidi doa kwa unywele tu. Anza na anga na ukuta, ukija mavazi, uso uwe wa mwisho mkono ukiwa umeshazoea. Kwenye mstari ulionyooka, kama ukingo wa mlango au pindo la khanga, plasta huvuruga. Hapo tumia muhuri, ambao unanakili sehemu safi uliyoichagua.

Sasa kanuni ya bibi. Kilichoko kwenye karatasi kinatoka: kuvu, mkunjo, doa la chai, alama ya pini. Kilichoko kwa mtu kinabaki: chale, kovu, ndonya ya mdomoni, pengo la jino, kiraka cha shati. Usipojua doa ni la karatasi au la mtu, usikisie. Mwulize aliyemjua. Maswali hayo ndiyo yanayoleta hadithi ambazo hakuna aliyezitarajia. Wanafunzi wangu wawili walijua jina la babu wa babu yao kwa sababu tu waliuliza kile kitu cheusi kwenye paji la uso ni nini.

Pakiwa na sehemu ya uso iliyokatika kabisa, iache. Jaza kijivu tulivu kisichovuta macho. Programu za siku hizi zenye akili mnemba zitakupa jicho jipya lenye kung'aa, zuri, ambalo halikuwahi kuwa la mtu yeyote katika ukoo wenu. Na nimeshaona familia ikibishana kama huyu ni shangazi au si yeye, kumbe jicho lilizaliwa juzi kwenye mashine.

Ukitaka kuongeza rangi kwenye nyeusi na nyeupe, weka leya mpya katika hali ya rangi, paka taratibu, na uulize kwanza khanga ilikuwa ya rangi gani. Bibi akisema hakumbuki, mwachie achague. Andika nyuma ya chapisho kwamba rangi zimeongezwa.

Mradi wa nne: mjusi wa Tendaguru anarudi Lindi

Kati ya 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Waliochimba hasa walikuwa mamia ya watu wa huku, wakiongozwa na msimamizi wao Boheti bin Amrani, na mifupa ilibebwa kwa mabega na vichwa mpaka bandari ya Lindi kupelekwa Ujerumani. Mkubwa kati ya hao, Giraffatitan brancai, amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin akiwa na urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti.

Kazi yako ni kumsimamisha mjusi huyo kwenye barabara ya Lindi kwa ukubwa wake halisi. Wanafunzi wakisikia dinosaria wanakimbilia kupakua picha ya filamu na kuibandika. Inatoka kibandiko. Inachotaka kazi hii ni hesabu na kivuli.

Anza na barabara. Simu iwe wima, rafiki yako asimame mbali, pale mjusi atakapokaa. Mpime rafiki kwa futi kamba. Tuseme ana mita 1.65. Kwenye kompyuta pima ana pikseli ngapi, vile vinukta vinavyounda picha, toka unyayo hadi utosi, tuseme 330. Gawanya 330 kwa 1.65, unapata pikseli 200 kwa kila mita. Zidisha kwa 13.27: mjusi wako anatakiwa awe na pikseli 2,654. Simu ya megapikseli 12 ikishikwa wima inatoa picha yenye kimo cha pikseli 4,000, kwa hiyo anaenea. Kama rafiki alisimama karibu akajaza nusu ya picha, mjusi atatoka nje ya fremu na itabidi mrudi mkapige upya. Hesabu hii ni ya vitu vilivyo umbali sawa na kamera. Ukimsogeza mjusi nyuma ya rafiki, lazima apungue.

Mjusi mwenyewe mchore kwa mkono kwenye karatasi nyeupe, mpige picha, mkate kwa kufuata mstari, mhifadhi kama PNG ili pembeni pabaki tupu. Mchoro wako una faida kuliko wa mtandao, ni mali yako. Ukichukua picha kutoka Wikimedia Commons, soma masharti ya leseni yake na umtaje mwenye kazi.

Kivuli ndicho kinachomfanya akanyage ardhi. Tazama kivuli cha rafiki: kimeelekea wapi, na ni mara ngapi ya kimo chake. Kama kivuli kimelingana na kimo chake, cha mjusi pia kilingane na kimo cha mjusi. Nakili leya ya mjusi, ijaze nyeusi, ilaze chini kwa zana ya kupinda, itie ukungu kidogo, punguza kuonekana mpaka karibu asilimia arobaini, kisha linganisha weusi wake na kivuli cha rafiki. Chini ya nyayo kabisa kiwe kizito zaidi.

Mwisho mfiche kidogo. Chukua nguzo ya umeme au mnazi ulio mbele yake, ukate, uuweke leya ya juu kabisa umfunike mguu. Kitu kilichofichwa na kitu kingine kinaaminika. Punguza pia ukali wa mchoro mpaka ulingane na picha ya barabara, maana mchoro safi ndani ya picha yenye chembechembe unajitangaza wenyewe.

Andika kwenye picha yenyewe, si kwenye ujumbe unaoambatana nayo: picha ya kubuni. Maneno ya ujumbe hupotea picha inaposambazwa. Kwa mjusi hakuna atakayedanganyika, lakini ufundi huuhuu unaweza kumweka mtu mahali ambapo hakuwepo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kusambaza habari za uongo kwa nia ya kudanganya kuwa kosa la jinai.

Mradi wa tano, wa haraka: kinyago na uso

Piga kinyago cha mpingo kikiwa kando ya dirisha, mwanga uingie kwa ubavu, kwa sababu mpingo uliong'arishwa ukiangaziwa usoni unabaki bonge jeusi lenye vimulimuli. Piga uso wa mwenzako kwa upande, mbele ya ukuta mweupe. Laza cha kwanza juu ya cha pili kwa zana ya picha mbili, chagua hali inayofanya sehemu nyeupe zitoweke, na usogeze mpaka mistari ya kinyago ifuate shavu. Dakika ishirini. Jina la fundi aliyechonga liwekwe chini ya picha pamoja na lako, na kama hajakubali, tafuta kinyago kingine.

Kuomba na kuchapisha

Kila mtu anayetambulika kwenye picha aulizwe kabla, na aonyeshwe baada ya kuhariri kabla ya kuibandika popote. Kwa mtoto, uliza mzazi. Bandarini na karibu na kambi za jeshi usipige bila kibali, hata kama jua linazama vizuri namna gani.

Chapisha kazi zako. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji angalau pikseli 1,181 kwa 1,772 ili itoke kali, na ya A4 inahitaji 2,480 kwa 3,508. Tulifanya maonyesho kwa kamba ya katani na vibanio vya nguo chini ya miembe ya shule, na wazazi walikaa mpaka magharibi.

Ukifika studio usikabidhi flashi na kuondoka. Mashine nyingi za kuchapisha zina marekebisho ya otomatiki yanayong'arisha nyuso, na kazi yako ya wiki nzima itarudi na ugonjwa uleule wa kitufe cha kurembesha. Mwambie fundi ayazime asiguse rangi. Mwombe atoe kwanza nakala moja ndogo, toka nayo nje kwenye mwanga wa jua, uiweke karibu na uso wako mwenyewe. Tulipochapisha upya ile picha ya bibi kutoka folda ya Mbichi, nakala ya kwanza ilitoka imepauka, ya pili ikatoka na chale zake zote, na kijana akaipeleka nyumbani kwa miguu asije akaikunja kwenye bodaboda.